Zidaka za Chini ya Maji

Mchoro wa kwanza ulikuja laini kama gilasi:
nguzo ya chuma, upana mita saba,
isiyo na kovu, isiyo na pa kushika.
Nikauweka mezani, karakana ya Mokowe,
kikombe cha chai pembe moja,
nyundo pembe ya pili.
Upepo tuliokuja kuuvuna ukaupeperusha hata hivyo.

Upepo nilikuwa nimeupigia hesabu miaka miwili.
Kusi najua inasukuma kwa nguvu gani,
kaskazi najua inachoka saa ngapi za usiku.
Nisichojua ni hiki:
chewa akifika kwenye nguzo ile,
ataingia wapi?

Nikamwita Shekuwe Famau, mpiga chokaa wa Mkomani,
aliyechonga zidaka za chumba alichozaliwa mamangu.
Hakuamkua. Aliuliza kwanza malipo ya siku,
kisha akauliza kama kuna kivuli.
Akaugeuza mchoro juu chini, akaurudisha.
"Nyumba haina ndani," akasema.

Nikamweleza: chini, kuizunguka nguzo,
tutamwaga mawe, mkondo usije ukachimba mchanga
nguzo ikabaki miguu wazi.
"Basi mawe hayo nipe mimi."

Tukamimina matofali makubwa kama kasha la arusi,
kila moja zito kushinda punda watatu.
Mimi nilitaka matundu sawasawa,
safu kwa safu, sentimita kumi na tano.
Yeye alitia ngumi katika zege bichi,
akaizungusha, akaitoa.
"Ndia moya ni mtego," akanambia.
"Na huyo anayefukuzwa, atokee wapi?"
Nikaona haya. Shahada mbili,
na sikumuwaza anayefukuzwa.
Tukatoboa mlango wa nyuma kwa kila kidaka.

Meneja akapiga simu kutoka Nairobi.
Kila tundu ni siku ya ziada, alisema,
na samaki hawanunui umeme.
Nikamjibu kwa jedwali. Jedwali analielewa.
Sikumwambia kwamba huku Lamu nalala ndani ya matumbawe,
kwamba ukuta ninaouegemeza kichwa
ulikatwa baharini ungali hai,
ukaanikwa mpaka ukafa vizuri,
ukachongwa maua, ukapangwa vikombe vya Uchina;
kwamba mji huu tuliukopa jiwe kwa jiwe
na hakuna aliyeandika deni.

Siku ya kupigilia tulizungusha pazia la mapovu,
nyundo isiwapasue wanaosikia kwa mwili mzima.
Alfajiri akaonekana kasa.
Tukazima mashine. Saa tatu nzima
watu wanatafuna mahamri yaliyopoa,
wanatazama saa, wanatazama maji,
wamesimama kama mtu anavyosimama jeneza likipita.

Baada ya miezi kumi na minne nikazama na taa.
Chuma kilikuwa kimeota ndevu.
Changu wadogo walinipisha, wakarudi palepale.
Matundu yangu, yale ya rula,
yalikuwa na mchanga, na chupa moja ya soda.
Lakini cha pili kutoka kushoto,
kile Shekuwe alichokikosea kwa kupiga chafya,
kikatoka mdomo umekwenda upande,
ndimo alimokaa pweza.
Alikuwa amepanga mlangoni magamba ya kaa na chaza
kama vyombo vya kumtolea mgeni.
Akanitazama. Sikuwa mgeni huyo.
Akabadili rangi, akawa zege.

Nilipopanda nikampigia simu, nywele zinadondosha chumvi.
"Umepata mpangaji," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia patasi ikigonga.
"Mpangaji ni sisi," akasema, akakata.

Mchoro wa nguzo ya pili uko mezani sasa.
Nimefuta tarakimu moja pembeni,
mahali pake nimeandika kwa penseli, herufi ndogo,
meneja asije akauliza ni kipimo gani:
*hapa, chafya.*